Mbuga ni Udongo

Niseme mapema kabisa: mimi sikuenda Ngorongoro kutazama simba. Nilikwenda kutafuta funguo za gari, na anayetaka kucheka acheke.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1981. Mimi, Germana binti Qamara, nilikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la kahawa kule Oldeani, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Tulipelekwa wasichana sita kusomea trekta. Wenzangu watano wakaolewa wakaacha kazi, mimi nikaolewa na trekta. Leseni ya gari nilikuwa nayo pia, niliitolea jasho Arusha mbele ya askari aliyeniuliza kama baba yangu anajua niko pale. Nikamwambia baba ndiye aliyenipa nauli.

Mwaka ule shamba lilikuwa limegawiwa Landrova. Si mpya, lakini nzima, ya kupeleka wagonjwa hospitali ya Karatu na kumzungusha meneja. Kabla yake mgonjwa wa Oldeani alipanda tela la trekta, na trekta lenyewe naliendesha mimi. Dada yangu Eunike alijifungulia kwenye tela hilo, katikati ya mashimo, mvua inanyesha, nami nasikia kilio nyuma yangu siwezi hata kugeuka. Mtoto yuko hai, padri alimbatiza Paulo, lakini shamba zima linamwita Tela. Wao wanacheka, mimi sijawahi kuliona la kuchekesha. Siku ile niliapa kwamba gari la wagonjwa likija, litaendeshwa na mtu anayejua kwa nini anawahi.

Tatizo lilikuwa Martini. Martini alikuwa ameendesha malori miaka kumi na miwili, alikuwa na miwani ya jua, na alikuwa na mdomo. Kwa maneno yake, hakuna barabara ya Tanzania ambayo hakuimaliza. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nisiwe mwongo, kuendesha alijua. Meneja wetu, Bwana Josephati, mtu mpole mwenye kusitasita, alitutangazia wote wawili: "Jumanne baada ya Pasaka nitachagua mmoja. Atakayepata, apate kwa amani." Martini akanikonyeza. Nilitamani kumrushia spana.

Kisha Bwana Josephati akatangaza jambo la pili. Kahawa yetu ilikuwa imesifiwa mkoani, kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka angewachukua wafanyakazi bora wanane kwenda kutembea. "Nitawapeleka mbugani," alisema, na watu wakapiga makofi.

Neno hilo ndilo lililotutenganisha. Wenzangu waliposikia mbuga, waliona simba na tembo. Mimi niliona udongo. Nilikuwa nimelima misimu miwili kule chini, tambarare za kuelekea Mang'ola, na kwa mtu wa trekta mbuga si wanyama. Mbuga ni ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, na masika unanata na kumeza trekta zima. Na Pasaka ni masika, kila mtu anajua.

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri wenzangu walikuja na nguo za kanisani, mimi nikaja na jembe, magunia manne matupu ya kahawa na kamba. Lo, walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Germana, unakwenda kumlimia simba?" Martini aliuliza.

"Hata sikukuu, mwenzangu?" Cresensia alininong'oneza. Huyu alikuwa nesi wa zahanati yetu, rafiki yangu wa damu, ila akianza kucheka hakujali urafiki.

"Chekeni tu, meno ni yenu," nikasema, nikasukuma jembe chini ya kiti.

Bwana Josephati akampa Martini usukani "kwa sababu anaijua njia". Mimi nikawekwa nyuma kabisa na sufuria la makande magotini. Ningeonyesha kazi yangu kwa lipi, kwa kushika sufuria? Nilinuna kutoka Oldeani mpaka geti la Lodoare. Mlinzi wa geti akaandika namba ya gari na kutuambia tuwe tumetoka chini, ndani ya Kreta, kabla ya saa kumi na mbili jioni, sheria ni sheria.

Juu mlimani palikuwa na ukungu mzito, hatukuona hata pua ya gari. Halafu ukungu ukafunguka. Mama yangu wee! Nilisahau kununa. Nilizaliwa mlima ule ule, upande wa pili tu, na miaka ishirini na sita nilikuwa nikiona magari ya watalii yanapita Karatu yakitutimulia vumbi, sikujua wanafuata nini. Kumbe hiki! Nchi nzima iko chini, imezungushiwa ukuta wa milima, na ziwa lake na msitu wake, na madoa ya wanyama yanatembea polepole. Siku hizo mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na watalii wamepungua, kwa hiyo ilikuwa kama tumeachiwa sisi. Cresensia alilia waziwazi. Mimi nililia kidogo, nikasingizia mvuke wa makande.

Tukaanza kushuka kwa barabara ya Seneto, na hapo uchungu wangu ukarudi. Petroli ya miaka ile ilikuwa ya kibali, na madereva wote walikuwa na ugonjwa mmoja: wakiona mteremko wanatoa gia, gari linateremka lenyewe, frii, wanajisifu wameokoa mafuta. Mteremko wa Rhotia sawa, utaponea. Lakini Seneto ni ukuta! Nilisikia injini imenyamaza, gari linakimbia, mguu wa Martini uko kwenye breki tu. Baada ya kona ya tatu nikasikia harufu. Anayefahamu harufu ya breki zinazoungua haisahau.

"Martini, weka gia!" nikapiga kelele kutoka nyuma. "Breki zinaungua!"

"Dada, trekta na gari ni vitu viwili," akajibu bila kugeuka.

"Nasema weka gia, utatuua!"

Bwana Josephati akageuka. "Germana, tafadhali. Wivu usituharibie sikukuu."

Gari zima likacheka. Nimetukanwa mengi maishani, mengi nimesamehe, lile nimeshindwa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, ila masikio yaliyokuwemo mle ndani yalikuwa kumi na manane pamoja na yangu.

Tulifika chini salama, na siwezi kudanganya, asubuhi ile ilikuwa tamu. Nyumbu kwa mamia, na pundamilia waliokataa kutupisha. Simba wawili walikuwa wamelala kando ya njia, miguu juu. Cresensia akasema hata mumewe hulala hivyo. Pembeni mwa ziwa ndege heroe walikuwa wengi mpaka maji yamekuwa ya waridi. Sisi wakulima wa Karatu tumezoea kumjua mnyama kwa hasara yake: tembo amekula mahindi, nguruwe amefukua viazi, chui amebeba mbuzi. Siku ile kwa mara ya kwanza tuliwatazama bila kushika mawe.

Chakula tulikula Ngoitokitok, kwenye chemchemi yenye viboko. Bwana Josephati alikuwa ameletewa paja la kuku na mkewe. Akalishika, akafungua mdomo, akaanza hotuba fupi kuhusu umoja wa wafanyakazi, na mwewe akashuka toka mbinguni akalichukua paja. Meneja akabaki na vidole hewani. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe. Nikampakulia makande, akala sahani mbili.

Saa nane mvua ikaanguka. Si ya manyunyu, ilikuwa ile ya masika inayotoka mawinguni kama imefunguliwa bomba. Ilipokatika tukaanza safari ya kurudi, tukipita kando ya kinamasi cha Gorigor kuelekea msitu wa Lerai, ambako ndiko kuna barabara ya kupandia. Njia ilikuwa na dimbwi refu la tope. Kando yake palikuwa na nyasi fupi, mbichi, nzuri kama kitambaa cha meza. Nikamwona Martini anakata usukani kwenda kwenye nyasi.

Hapo sitamlaumu peke yake. Sisi watu wa udongo mwekundu tumelelewa hivyo: ukikuta tope njiani, pita kwenye nyasi, ndipo pagumu. Karatu ni kweli, Oldeani ni kweli. Lakini mbuga hapana! Kwenye mbuga, nyasi mbichi maana yake maji yako chini yake, na tope la njia ndilo lenye mawe yaliyoshindiliwa na magari.

"Bwana Meneja, mwambie apite humo humo topeni!" nikasema. "Nyasi zile zitatumeza!"

Bwana Josephati hata hakuwahi kujibu. Gari liliingia hatua kama ishirini, likainama mbele kwa adabu, likakaa. Martini akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, yakachimba, tukazama mpaka ekseli. Akakanyaga tena, nikasikia tope linapiga sakafu chini ya miguu yangu.

"Acha!" nikasema. "Unatuchimbia kaburi."

Akaacha. Ndipo Cresensia akauliza kwa sauti ndogo sana, "Lile pale ni jiwe?" Halikuwa jiwe. Alikuwa faru, mbali kidogo, ametuelekezea pembe na masikio. Ilikuwa saa tisa na nusu, gari lolote lingine hatukuliona, na meneja wetu alikuwa akifuta miwani yake kwa tai.

Nilingoja mtu aseme neno. Wote walikuwa wanamtazama faru. Basi nikafungua mlango wa nyuma, nikashuka, tope likanifika magotini, nikavuta jembe langu.

"Shukeni wote," nikasema. "Viatu mviache. Polepole, msipige kelele, faru haoni vizuri lakini anasikia."

Wa kwanza kushuka alikuwa Cresensia. Akaninyang'anya jembe. "Lete hapa," akasema, "tumlimie simba." Watu wakacheka cheko la hofu, lakini wakashuka. Bwana Josephati alikunja suruali ya sikukuu. Tukachimba mbele ya magurudumu kwa jembe na kwa mikono, tukatandika magunia. Faru alitutazama wee, akatuona hatuna maana, akaenda zake.

Tukiwa katika hali hiyo akatokea Mmasai mmoja na punda watano waliobeba magadi, wanaelekea mlimani. Jina lake alisema ni Moringe. Alisimama na fimbo yake mabegani, akatukagua mmoja mmoja, halafu akalikagua gari.

"Gari yenu anakula majani?" akauliza.

Nakwambia tulicheka mpaka wengine wakakaa chini topeni. Martini pekee hakucheka. Mimi nikamsalimu vizuri, kisha nikamwuliza, "Ndugu yangu, hawa punda wamepita wapi kuja hapa?"

Akanyoosha fimbo. "Pale. Punda hapana penda tope. Ukimpiga, anakataa. Ukimpiga tena, anakataa tena."

Nikaenda nikatazama. Kweli kwato zilikuwa zimeacha alama ndogo tu, hazikuzama hata kucha. Palikuwa na mgongo wa ardhi ngumu, mwembamba, unaanzia mbele ya gari, unazunguka na kurudi njiani. Nikautembea kwa miguu mpaka mwisho, nikauhesabu: hatua hamsini na nne. Nikarudi nikasimama dirishani kwa Martini.

"Shuka," nikamwambia.

Akamtazama meneja. Bwana Josephati alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. "Mpishe ajaribu," akasema.

Nikaingia. Nilivuta kile kigia kifupi chenye kirungu chekundu, cha gia nzito, nikabonyeza cha njano kuunganisha magurudumu yote manne. Nikaweka gia ya pili. Sikukanyaga mafuta. Kwenye mbuga hulazimishi, unaachia klachi taratibu na kulisikiliza gari, likilalamika unangoja. Likatetemeka. Likashika gunia la kwanza, la pili. Wenzangu wakasukuma, Moringe naye akaweka bega, na Landrova ikatoka ikinguruma, ikapanda kwenye mgongo wa punda, nikaifuata ile njia yangu hatua hamsini na nne mpaka barabarani. Vigelegele vilipigwa! Faru yule kama alikuwa bado karibu, alihama kabisa.

Furaha yangu ilidumu dakika moja. Nilikanyaga breki kusimama, pedali ikazama mpaka chini. Hakuna kitu. Nikavuta hendibreki, gari likasimama, kwa kuwa hendibreki ya Landrova inashika shafti, haishiki magurudumu, yenyewe haikuungua. Nikatazama kwenye kioo. Martini alikuwa ameniona. Akainamisha kichwa.

Sikusema neno. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikwisha kusema asubuhi nikaitwa mwenye wivu, na mtu haitwi hivyo mara mbili kwa siku moja. Niliendesha kwa gia peke yake, tukapita Lerai katikati ya miti ya migunga, tembo dume mwenye pembe za kugusa ardhi akatupisha, tukafika chini ya mlima. Barabara ilipanda mbele yetu nyekundu na utelezi, kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu, ni hewa. Saa ilikuwa kumi na moja kasorobo.

Bwana Josephati akanigusa bega. "Germana, umefanya kazi kubwa, nakushukuru sana. Lakini mlima huu unataka mwanamume. Mpishe Martini."

Damu ilinipanda kichwani. Nilichomoa funguo nikazikaza mpaka zikaniuma. Nilikuwa nafungua mdomo kusema yale ambayo yangenifukuzisha kazi, lakini Martini akaniwahi.

"Mimi sipandi, Bwana Meneja."

"Hupandi?"

"Gari halina breki. Nimezichoma mimi asubuhi, Seneto. Germana alisema kweli, na mimi nilijua anasema kweli." Alivua ile miwani yake. "Mimi nimezoea mguu wa breki. Nikikosa gia katikati pale, nitatafuta breki, tutarudi chini wote. Huyu ametembea na gia maisha yake yote. Akishindwa yeye, hakuna wa kuweza."

Martini alikuwa na watoto wanne na anajua kesho ni Jumanne. Hakuna aliyemshurutisha kusema. Mpaka leo mtu akimsema vibaya Martini mbele yangu, tunagombana.

Akashuka, akaokota jiwe kubwa. "Nitatembea nyuma yako," akaniambia. "Ukirudi, naweka jiwe."

"Nyuma huko kuna nyati," nikasema.

"Basi usikawie."

Nikawasha, nikaweka gia nzito, ya kwanza. Kona ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Nyuma Cresensia alianza Salamu Maria na wenzake wakaitikia, hata wale Walutheri. Kona ya tatu ilikuwa imeoshwa na mvua. Gurudumu la nyuma likateleza, injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Gari likaanza kurudi. Nilivuta hendibreki kwa mikono yote miwili na kupiga ukelele, "Martini!" Nikasikia jiwe linagonga tairi, tukasimama. Upande wangu nilipochungulia niliona vilele vya msitu wa Lerai chini kabisa.

"Liko!" Martini akaita. "Jiwe liko, washa!"

Nikamwambia mguu wa kushoto atulie, akatulia. Nikawasha. Klachi juu kidogo, injini ikashuka sauti, nikangoja, nikangoja tena, hata meneja akawa anapumua kwa mdomo. Hapo ndipo nikaachia hendibreki. Landrova ikasimama palepale sekunde nzima, haiendi, hairudi. Kisha ikapanda.

Sikusimama tena mpaka juu. Kona ya nne, ya tano, sikuzihesabu, nilikuwa naimba, sijui naimba nini, Kiiraqw na Kiswahili vimechanganyika. Tulipotokea kileleni jua lilikuwa limerudi, na Kreta yote imelala chini yetu inang'aa kwa maji. Nikapiga honi mpaka mkono ukachoka. Watu waliruka nje wakakumbatiana na kutukumbatia, mimi na Martini aliyefika akihema, jiwe bado kifuani. Nililia sana, na safari hii sikusingizia makande. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini.

Bwana Josephati alikaa pembeni kwanza, akikwangua tope mikononi. Halafu akaja akasimama mbele yangu, akakohoa.

"Germana. Nilikosa. Nilikosa mara mbili." Akatazama chini. "Kesho saa mbili uje ofisini, nikupe funguo."

Nikafungua kiganja. Funguo zilikuwa zimeacha alama kwenye nyama.

"Funguo hizi hapa, Bwana Meneja," nikamwambia. "Kesho nitakuja kuchukua barua ya kazi."

Kisha nikamfungulia Martini mlango wa mbele, nikawaambia wengine wapande, maana kutoka pale mpaka getini ni mteremko na tulikuwa tunakwenda kwa gia.